Gwaride Halitoshi

Anayetaka kuwafundisha vijana wa Olenguruone, huku Mau katika Kaunti ya Nakuru, uongozi na aanze kwa kukumbuka kwamba katika vilima hivi watoto wamewahi kulishwa kiapo. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa makazi ya familia za Wakikuyu, wengi wao wakiwa wameondolewa katika nchi ya Wamaasai. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji, ikawawekea kanuni za kilimo na za kurithisha shamba. Wenyewe walijihesabu kuwa wenye ardhi, wakazikataa kanuni hizo. Katikati ya miaka ya 1940 wakala kiapo cha umoja. Viapo vya siasa vya kabla ya hapo vilikuwa vya wanaume wachache walioaminiwa, lakini hiki cha Olenguruone kilikuwa cha kila mtu: mume, mke, na watoto pia. Kufikia 1950 makazi yalikuwa yamevunjwa na wengi wamepelekwa Yatta, kwenye ukame, mbali na baridi waliyoizoea. Kiapo nacho kilikuwa kimekwisha kusambaa. Tabitha Kanogo, mwanahistoria aliyewaandikia kitabu maskwota wa Bonde la Ufa, anaihesabu Olenguruone miongoni mwa chemchemi za Mau Mau.

Siwahukumu wazee wale. Walikuwa wakipigania mahali pa kulala na kulima, na aliyewafukuza hakuwa na haki. Ninachoomba msomaji akitazame ni mtoto wa miaka kumi aliyesimama usiku kwenye mstari wa kula kiapo hicho. Alifundishwa kuwa mwaminifu kwa wenzake, kuwa jasiri, kutunza siri, kutokimbia. Ukifungua mwongozo wowote wa malezi ya vijana leo utayakuta mambo hayohayo, na mtoto yule alifunzwa barabara. Kitu kimoja tu hakufanyiwa: hakuulizwa.

Sasa ruka miaka arobaini na kitu mbele. Mwaka 1992, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya muda mrefu, nyumba ziliteketea Molo na Olenguruone. Moto ukarudi Bonde la Ufa baada ya uchaguzi wa 1997. Huko Kuresoi, mwaka 2007, watu walikuwa wamekwisha kuanza kukimbia makwao hata kabla kura za Desemba hazijapigwa. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima katika ghasia za baada ya uchaguzi ule, ikaeleza kwamba pamoja na hasira iliyolipuka yenyewe, sehemu ya ghasia za Bonde la Ufa ilipangwa, na wanasiasa na wafanyabiashara walikuwa na mkono ndani yake. Waliotumwa kuifanya kazi yenyewe walikuwa vijana.

Hapo ndipo mafunzo mengi ya uongozi yanapokwepa jambo. Husemwa kwamba vijana wale walikosa nidhamu. Mimi sikubali. Kijana anayeamka saa nane usiku kwenye baridi ya Mau, akatembea kilomita kadhaa na kundi lake bila kelele, akamtii aliye mbele, asimwache mwenzake nyuma, kisha akafunga mdomo miaka kumi na zaidi asimtaje aliyemtuma, huyo ana nidhamu kuliko wengi wanaopewa vyeti. Nidhamu alikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kusimama pale walipokusanyika, kabla ya kuondoka, na kusema: mimi siendi.

Kwa hiyo sura hii inashikilia jambo moja. Uongozi wa nafsi, kwa kadeti, yaani kijana aliyevaa sare, ni uwezo wa kutenda lililo sawa wakati mkubwa hayupo, na uwezo wa kukataa wakati mkubwa yupo na amekosea. Gwaride, saluti na viatu vilivyong’arishwa vina nafasi yake, nami navipenda, lakini kazi yake ni kulitumikia hilo. Na ninaposema kadeti simaanishi tu wale wanaosomea uofisa wa jeshi Lanet. Namaanisha kijana yeyote aliye katika kikosi cha malezi: skauti, Girl Guides, Watafuta Njia wa Kiadventista, Boys’ Brigade wa makanisani. Mjini Olenguruone ukisimama stendi Jumamosi asubuhi utawaona, skafu shingoni, wakisubiri matatu ya kuteremka Keringet au Molo.

Wazo la uskauti lilizaliwa vitani. Mji wa Mafeking huko Afrika Kusini ulipozingirwa na Makaburu kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, maofisa wa Kiingereza waliwakusanya wavulana wa Kizungu wakawafanya matarishi, wengine wakipeleka barua kwa baiskeli huku mizinga inapigwa. Kamanda wa mji alikuwa Robert Baden-Powell, aliyekuja kuanzisha uskauti, na hadithi ya wavulana wale aliisimulia maisha yake yote. Kuna jambo katika hadithi hiyo ambalo vijana wetu wanastahili kuambiwa: ndani ya mji uleule Waafrika walipunjwa chakula ili cha Wazungu kitoshe, na wako waliokufa kwa njaa. Wavulana wale walipita mbele yao na baiskeli zao, watiifu, wepesi, wamenyooka. Nikilisimulia hili kambini, swali la kwanza la vijana huwa lilelile, kama hakuna hata mvulana mmoja aliyesema kitu. Ni swali zuri, na sijapata kulisoma jibu lake popote.

Lakini Baden-Powell aliona pia jambo la maana kubwa. Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea, wana wa matajiri wakichanganywa na wana wa wafanyakazi, akawagawa katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi wake mvulana. Akawapa viongozi wale kazi halisi. Mkubwa alibaki pembeni. Vikundi hivyo, ambavyo skauti wetu huviita patroli, ndivyo moyo wa mpango wote, na ndivyo vinavyouawa kwanza shule inapokuwa na mwalimu mwenye bidii nyingi anayetaka kutoa kila amri mwenyewe. Uskauti ulifika Kenya 1910, miaka mitatu tu baada ya Brownsea. Mwanzilishi wake alihamia Nyeri 1938 na kuzikwa hukohuko alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Mwaka huohuo, upande wa pili wa Bonde la Ufa, ndipo makazi ya Olenguruone yalipoanzishwa. Skauti wanaokwenda kuzuru kaburi lake kila mwaka ni wengi. Wanaoambiwa habari za Olenguruone ni wachache sana, hata miongoni mwa wale waliozaliwa hapa.

Mwalimu ambaye mimi humtegemea zaidi ni Kurt Hahn, Mjerumani aliyeongoza shule ya Salem. Agosti 1932, katika kijiji cha Potempa, askari wa chama cha Hitler walimkanyaga mfanyakazi mmoja mkomunisti mpaka akafa, mama yake akitazama. Wauaji walipohukumiwa, Hitler aliwatumia salamu za kuwaunga mkono. Hahn aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani akiwataka wachague: ama wavunje uhusiano na Hitler au wavunje uhusiano na Salem. Mwaka uliofuata alitiwa ndani, akaachiliwa baada ya watu wa Uingereza kumwombea, akahamia huko. Mtu huyu ndiye aliyesaidia kuanzisha Outward Bound, mpango wa kulea vijana kwa safari ngumu, mwaka 1941, na shule ya mtindo huo ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, katika miaka ya 1950. Ndiye pia mwenye wazo lililozaa ile tuzo ambayo Kenya tumekuwa nayo tangu 1966 na tunaiita Tuzo ya Rais, ya vijana wa miaka 14 hadi 24, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu.

Vijana wengi wa Nakuru wameifanya tuzo hiyo. Wanajua kwamba ngazi ya shaba hudai safari ya siku mbili na usiku mmoja, na ya dhahabu siku nne na usiku tatu. Wanajua kuna huduma, ujuzi na mazoezi ya mwili. Barua ile ya 1932 hawaijui. Wamepewa mlima bila kuambiwa wanapandishwa mlima wa nini. Hahn aliwapeleka vijana kwenye baridi na bahari chafu kwa sababu alikuwa ameona taifa lenye elimu, lenye nidhamu, likimfuata mwendawazimu, naye akatafuta namna ya kulea watu ambao hawangefuata.

Kwetu hapa aliyeifanya kazi hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi ni Geoffrey Griffin. Alikuwa ofisa kijana wa jeshi la kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, akajiuzulu, akaenda kufanya kazi na wavulana waliokuwa wamezuiliwa Manyani kwa tuhuma za Mau Mau, na baadaye na wale waliohamishiwa Wamumu, huko Mwea. Sitaki kuipamba Wamumu. Ilikuwa kambi ya serikali iliyokuwa ikiwazuilia watoto, na kwa upande wa serikali lengo lilikuwa kukibadilisha kiapo kimoja kwa kingine: yule aliyeapa kwa ajili ya ardhi aape sasa kwa ajili ya malkia. Lakini katika kazi ile Griffin alipata imani kwamba mvulana aliyekwisha kuitwa hatari anaweza kukabidhiwa kitu na akakitunza. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha shule ya Starehe Nairobi kwa vibanda viwili vya mabati. Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoanzishwa 1964 ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza, akaiongoza hadi 1988. Chuo cha Huduma hiyo cha gwaride na mafunzo ya msingi kiko Gilgil, katika kaunti yetu hii ya Nakuru.

Starehe ilikuwa na gwaride pia, na sare, na viranja wenye mamlaka makubwa. Lakini ilikuwa na kitu ambacho shule nyingi zilizoiga gwaride hazikukiiga: baraza la kila juma, ambapo mwanafunzi alisimama mbele ya mkurugenzi na wenzake wote akauliza, akalalamika, akapinga, wala hakuadhibiwa. Ukiichukua saluti ukaliacha baraza, umechukua ganda.

Wako watakaoogopa. Watauliza: ukimfundisha kijana kukataa amri, si unafundisha uasi? Swali hilo Nakuru lina historia. Usiku wa tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles huko Lanet waliasi. Askari wa Tanganyika na Uganda walikuwa wameasi katika siku chache zilizotangulia. Wa Lanet walikuwa na malalamiko ya kweli, ya mshahara na ya maofisa Waingereza ambao bado ndio waliokuwa wakiamuru. Waliyapeleka malalamiko yao kwa bunduki, na ilibidi serikali changa iombe majeshi ya Uingereza iliyokuwa imetoka kuipa uhuru kuja kuwazima. Leo Lanet ndiko maofisa wanafunzi wa jeshi letu wanakofundishwa.

Kukataa ninakokusema hakufanani na Lanet ya 1964. Askari walioasi walitaka amri iwe yao. Kijana anayekataa kuchoma nyumba ya jirani hatafuti cheo wala silaha. Anaweka mikono yake chini na yuko tayari kulipia. Sheria za dunia zenyewe zinamdai afanye hivyo: kanuni zilizotokana na kesi za Nuremberg, zilizoandikwa 1950, zinasema kwamba kuamriwa na mkubwa hakumwondolei mtu hatia pale alipokuwa na nafasi ya kuchagua. Na kijana aliyezoea kuwa na mahali pa kusemea, mahali anaposikilizwa kila jioni, hana haja ya kuvunja ghala la silaha.

Sasa tuingie kambini. Kwetu Agosti ni mwezi wa matope. Ukungu unashuka kutoka msituni saa kumi jioni, na kuni mbichi hutoa moshi kuliko moto. Ni mahali pazuri pa kufundishia tabia, kwa sababu kila kitu kinamjaribu mtu: nani achote maji, nani aamke kuwasha moto, nani alale karibu na mlango wa hema unaovuja. Mkufunzi asiyapange mambo haya. Aiachie patroli ya watu saba au wanane, yenye kiongozi, mweka hazina na mtunza stoo, na nafasi hizo zizunguke. Kiongozi wa leo awe mchota maji wa kesho. Yule aliyewahi kuchota maji chini ya kiongozi mvivu hukijua cheo vizuri zaidi akikipata.

Pesa nazo wapewe kwelikweli. Nilimwona msichana wa kidato cha pili akifunga hesabu ya patroli yake chini ya taa ya simu. Kila mmoja alikuwa ametoa mchango, viazi vilikuwa vimenunuliwa kwa mkulima jirani, maziwa na unga vimelipiwa, na daftari lilikuwa pungufu kwa shilingi 150. Alihesabu mara ya pili, akamwaga sarafu zote kwenye blanketi, akahesabu tena. Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita alitaka kumsaidia. Akamwambia, “Andika nauli, ulale.” Msichana hakuinua kichwa. Akasema kwa heshima, “Mwalimu, hakuna aliyesafiri.” Mwalimu akacheka kidogo, akaondoka. Asubuhi msichana alisimama mbele ya wenzake akasema shilingi 150 hazionekani na hajui zilipo. Patroli ikakubaliana kunywa chai bila maziwa siku hiyo ili hesabu ikae sawa. Kuna vijana walionuna. Yeye pia alinuna, kwa maana alipenda chai ya maziwa kama wote. Hakupewa zawadi yoyote, nami nafikiri ilikuwa sawa asipewe. Mtu mzima anayetia sahihi vocha za basari au za barabara ya kijiji hapewi zawadi kwa kutoandika nauli hewa.

Jioni kuna baraza. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba mdogo kuliko wote anasema mwanzo na mkufunzi anasema mwisho. Ukigeuza mpangilio huo umeliua, maana katika nchi yetu mkubwa akishasema, waliobaki hurudia aliyosema. Kwa siku ya kwanza na ya pili wadogo hawasemi kitu cha maana. Watasema chakula kilikuwa kizuri. Vumilia. Siku ya tatu mmoja atasema kiongozi wake aligawa nyama vibaya, na hapo baraza limeanza. Kazi ya mkufunzi wakati huo ni kuhakikisha kwamba kesho yake aliyesema hanuniwi, hapewi sufuria iliyoungua aisugue peke yake, wala haitwi msaliti hemani. Nimeona kambi nzuri zikiharibika hapo, baraza la uhuru jioni na kisasi usiku.

Kuna zoezi moja ambalo ningependa kila mkufunzi wa Bonde la Ufa alijue. Katikati ya gwaride, baada ya mguu sawa na mguu pande nyingi mpaka miili imezoea kutii yenyewe, mkufunzi anawaita viongozi wa patroli na kuwapa amri kwa sauti ileile ya kawaida: kila mmoja aandike kwenye karatasi majina ya wenzake wanaotoka upande ule wa barabara. Huku kwetu kila mtoto anajua upande ule wa barabara ni wa akina nani. Wengi huandika, tena haraka, kwa mwandiko safi. Hawana ubaya wowote moyoni, wameambiwa tu. Mara nyingine mmoja huinua mkono na kuuliza, “Ya nini, afande?” Zoezi linakoma hapohapo. Karatasi zinakusanywa, vijana wanakaa kwenye nyasi, na mkufunzi anawasimulia orodha ni nini. Anawaambia kwamba mahali pengi pa ghasia, kabla ya moto kulikuwa na mtu aliyejua nyumba ya nani iko wapi. Hawa wamezaliwa baada ya 2008 au walikuwa wachanga. Wazazi wao hawajawahi kuwaambia, wengine kwa sababu walipoteza, wengine kwa sababu nyingine. Zoezi hili lifanywe na mkufunzi anayeaminiwa, kwenye kambi yenye watoto wa jamii zote, na lisiachwe bila mazungumzo marefu baadaye. Asiyeweza kukaa na machozi ya watoto asilifanye.

Matembezi ni rahisi zaidi kuyaeleza. Patroli inapewa ramani na njia ya kushuka kando ya mashamba ya chai kuelekea Kiptagich, ikipita karibu na ule mkanda wa majani ya chai uliopandwa chini ya mpango wa Nyayo ulioanzishwa 1986 ili kuutenganisha msitu na mashamba. Anayefika kwanza anapata bendera. Na daima kuna mtoto mmoja ambaye viatu vyake vimeingia maji. Kiongozi anayemwacha nyuma na mwenzake mmoja ili apate bendera atapata bendera. Anayegeuza kikundi kizima atakuja wa mwisho. Usimwokoe kwa pointi za huruma. Mpe nafasi ya mwisho, halafu jioni muulize barazani alikuwa akiwaza nini alipogeuka, na mwache mwenye bendera asikie jibu.

Huduma nayo isiwe ya picha. Mto Amala unaanzia katika misitu hii ya Mau, unaungana na Nyangores kufanya Mto Mara, unapita Maasai Mara na Serengeti na kuishia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kupanda miche siku ya mvua, mgeni rasmi akiwepo, hakujengi tabia ya mtu yeyote. Kurudi Januari wakati wa kiangazi, bila mgeni, kumwagilia mche uleule na kuuwekea miba mbuzi wasiule, hapo mtu hujijua. Kila kijana apewe miche mitano, iandikwe, na mwakani aulizwe mingapi ipo. Kama ni miwili aseme miwili.

Adhabu zinahitaji neno kali. Vikosi vyetu vimerithi kuruka kichura, kujiviringisha matopeni, na kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu za kumuumiza na kumdhalilisha mwanafunzi, na kikosi cha malezi hakina ruhusa ya kujiona kiko nje ya sheria hiyo kwa sababu kimevaa sare. Mtoto anayerushwa kichura hujifunza kwamba mwenye cheo hukanyaga. Anasubiri cheo chake. Aliyevunja kitu akitengeneze, aliyemnyima mwenzake chakula ampikie. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema wazee, na maneno hayo nimeyasikia yakitumiwa kuhalalisha kila fimbo. Lakini samaki aliyekunjwa hukaa vile alivyokunjwa hata mkunjaji mwingine akija na nia mbaya.

Jamii za hapa zina shule yao ya tabia iliyo kongwe kuliko skauti. Kwa Wakipsigis ni jando la Desemba, ambapo wavulana hukaa faragha chini ya walimu wao wa kimila na kufundishwa heshima, ustahimilivu na wajibu kwa rika. Mkufunzi wa kadeti asishindane nalo wala asilidharau. Kambi iwekwe Aprili au Agosti, na wale walimu wa jando waalikwe siku moja kuja kuzungumza, kwa maana maneno ya amani yakitoka kwao huingia mahali ambapo ya kwetu hayafiki. Wasichana hawana shule ya namna hiyo wanayoweza kuirudia salama. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria tangu 2011, na mema yaliyofundishwa kando yake mara nyingi yameachwa pamoja nao. Kwa hiyo nafasi ya msichana katika patroli si ya kujaza idadi. Yule wa daftari la shilingi 150 angekuwa wapi Agosti ile kama si kambini?

Mitaala mipya ya shule imetusaidia kwa kuziandika tunu zake: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki na uadilifu. Mwalimu anayezibandika ukutani amefanya sehemu yake. Zinazobaki hufanywa kwenye matope.

Uchaguzi mkuu kwa mujibu wa Katiba hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Wazazi watauliza kama kambi ya likizo hiyo iahirishwe. Jibu langu ni kwamba ifanyike, kwa idhini ya wazazi na maafisa wa usalama, ndani ya uzio wa shule, na iwe na watoto wa Olenguruone, Tinet, Keringet, Kuresoi na Molo katika patroli zilizochanganywa. Kwa kipindi hicho cha kampeni kila mwenye gari na bendera atakuwa akitafuta vijana watiifu wenye miguu imara. Viongozi wa patroli wachaguliwe mapema, ikiwezekana Aprili, wajuane majina, walale hema moja, wapigiane simu kati ya Aprili na Agosti. Na baadhi yao watakuwa wametimiza miaka 18, kwa hiyo Jumanne hiyo asubuhi watahitaji ruhusa ya kutoka kambini kwenda kupiga kura na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Wapewe, na mweka hazina aandike nauli zao.